Waacheni Watazamaji Waone

Neno hili tumelikalia muda mrefu. Tulidhani afadhali tunyamaze, kwa kuwa wale litakaowagusa ni rafiki zetu, na baadhi yao ni mapadri na makatekista waliotulea. Lakini Jumapili moja tulitoka katika ukumbi wa parokia moja, ambayo hatutaitaja, tumekasirika kiasi cha kupita watu njiani pasipo kuwaamkia. Tangu siku ile tumeona kwamba kunyamaza kwetu hakukuwa upole, bali uvivu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ulikuwa mwaka 2019, na ugonjwa wa Ebola ulikuwa bado unaua watu wetu. Vijana wa parokia walicheza mchezo wa kuigiza. Mama mmoja amemficha mtoto wake mgonjwa nyuma ya pazia, naye anaimba huku akisonga bugali, ili majirani wasisikie mtoto akilia. Jirani mmoja anabisha hodi, anaingia, anaketi, wala hataki kuondoka. Anaomba chumvi. Anapewa. Anaomba maji. Anapewa. Mama anaimba kwa sauti kubwa zaidi, na mwiko unamtetemeka mkononi. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata watoto waliokaa chini mbele. Tulisikia mvua ikija kutoka mbali juu ya mabati. Hapo hapo bwana mmoja mwenye kofia ya shirika la msaada alipanda jukwaani, mikrofoni mkononi, akasimama katikati ya mama na jirani, akasema: "Wapendwa, mumeona hatari ya kuficha wagonjwa." Akatoa namba ya simu, akaeleza habari za maji na sabuni. Wachezaji walibaki nyuma yake, mikono inaning'inia, wasijue kama wao bado ni mama na jirani au wamekwisha kuwa vijana wa parokia. Bibi mmoja mzee wa benchi la mbele akasema: "Tumeona, baba. Toka hapo tuone." Watu wakacheka. Yule bwana naye akacheka, kisha akaendelea kusema mpaka mwisho wa karatasi yake. Mchezo haukuendelea tena.

Sisi ni watu wa kutazama. Wengine wana mpira, wengine wana bia. Sisi, pakiwa na mchezo, au konseri, au filamu, Butembo kwetu au Beni kwa ndugu zetu, twatafuta motari na kwenda. Tumeketi katika madarasa ya shule ambayo madirisha yake yamezibwa kwa mashuka, tumesimama nyuma ya makanisa, tumelowa chini ya maturubai. Hatukusomea mambo haya. Tunalojua ni kwamba siku nyingine mtu hutoka na kitu moyoni, na siku nyingine hutoka mtupu. Miaka hii tumetoka watupu mara nyingi, si kwa kukosa wachezaji, maana vijana wetu wana kipaji cha kushangaza, ila kwa sababu kila mara kuna mtu anayesimama kati yetu na wao ili atueleze kile tunachokitazama kwa macho yetu wenyewe.

Hata katika vibanda vya video, ambavyo wazazi Wakristu wanavichukia, na pengine wana haki, jambo hili halifanyiki hivyo. Filamu zinapita Kasindi kutoka Uganda zikiwa na sauti ya mfasiri aliyezungumza juu ya maneno ya wachezaji, akiongeza mizaha yake. Mfasiri huyo husema sana, hata kupita kiasi. Lakini husema kwa ajili ya mchezo. Anamkimbilia mwizi, anamwonya mchumba, anapigwa pamoja na anayepigwa. Hajasimamisha filamu ili atuulize kama tumeelewa. Twaona aibu kuandika katika gazeti hili kwamba kijana wa kibanda cha video anawaheshimu watazamaji wake kuliko kamati ya parokia, lakini ndivyo ilivyo.

Msidhani desturi hii imeletwa na mashirika ya siku hizi. Sisi wa Kanisa tuliijua kabla yao. Katika Kongo ya Wabelgiji serikali iliweka tume ya kupima filamu kabla hazijaonyeshwa kwa Waafrika, kwa kuwa walidhani Mwafrika hawezi kupambanua mchezo na mambo ya kweli. Wamisionari nao wakatengeneza filamu zao za mafundisho. Huko Kasayi, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza filamu za wachekeshaji wawili, Matamata na Pilipili, na kila moja ilikuwa na fundisho lake. Watu walijaa. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitoa filamu juu ya wachekeshaji hao. Kilichowafanya wakumbukwe miaka arobaini baadaye ni kicheko, wala si fundisho. Padri Van Haelst alijua kuchekesha, na tunamsamehe mengi kwa ajili hiyo. Warithi wake wameshika fundisho, kicheko wamekitupa.

Tena wakubwa wetu wa Kanisa hawakufundisha hivyo. Papa Pio wa 11 aliandika juu ya sinema mwaka 1936, na Papa Pio wa 12 akaandika tena mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni. Huyu wa pili hakutaka tu filamu ziwe njema. Alitaka watazamaji walelewe, ili wajue kupima wenyewe wanachokiona. Mtu atajifunzaje kupima, ikiwa kila mara mwingine anampimia?

Sasa tuwajibu wanaotupinga, maana tumewasikia.

Wa kwanza wanasema: watu wetu ni wa kijijini, usipowaeleza hawataelewa. Mbona Yezu hakuogopa hivyo? Aliwasimulia watu wa kijijini habari ya baba mwenye wana wawili. Mdogo alirudi, ndama akachinjwa, ngoma ikalia. Mkubwa akabaki nje na hasira yake, baba akatoka kumsihi. Kisha? Habari imekwisha. Hatuambiwi kama yule mkubwa aliingia. Yezu alimwacha amesimama pale mlangoni, na Mafarisayo waliomsikiliza walijua vema ni nani aliyesimama pale. Fikirini mtu wa kamati angepanda hapo na mikrofoni akasema: "Wapendwa, mumeona ubaya wa wivu."

Lakini wasomaji wa Beni hawana haja ya kwenda mbali hivyo. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba watu wa Beni na Butembo hawatapiga kura siku ya tarehe 30 pamoja na Wakongomani wengine, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Makanisa yalikuwa wazi, masoko yalikuwa wazi, motari zilibeba watu watatu watatu. Kura peke yake ndiyo iliyoambukiza. Basi tarehe 30 watu wa Beni wakapanga vituo vyao wenyewe. Wakajipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura kwa karatasi ambazo walijua hakuna serikali itakayozihesabu. Wakanawa mikono! Somo lile la sabuni, ambalo walikuwa wameimbiwa miezi mitano na kila kipaza sauti, walilichukua, wakalicheza mbele ya nchi nzima, wakalirudisha kwa wenyewe likiwa na maana ambayo hakuna shirika lililoikusudia. Rais mpya akaapishwa tarehe 24 Januari 2019, nasi tukaitwa kuchagua wabunge tarehe 31 Machi. Sisi tuliotazama michezo mingi, huo tunauhesabu kuwa mchezo mkubwa kuliko yote iliyochezwa katika dayosisi yetu, na hakuna aliyepanda kuueleza. Ati watu hawa hawataelewa!

Wa pili wanasema: mnadharau mafundisho yanayookoa maisha. Hapana. Ebola ile ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa. Tumezika. Tunajua kazi ya sabuni na ya chanjo, na waliozileta wengine waliuawa wakiwa kazini. Lakini redio ipo, mimbari ipo, mabango yapo, wauguzi wapo. Habari inayoweza kusemwa kwa dakika moja, isemeni kwa dakika moja pale mlangoni, kabla ya mchezo, nasi tutasikiliza na kunawa. Mchezo una kazi nyingine. Katika miezi ile swali lilikuwa kinywani mwa kila mama sokoni: mbona sisi tunachinjwa tangu Oktoba 2014, na magari haya meupe hayakuja, ila yamekuja sasa kwa ugonjwa? Swali hilo halikuingia jukwaani katika michezo tuliyoiona, kwa kuwa mwenye kulipa hakuliandika. Likabaki nje ya ukumbi, likakua, likawa uvumi, na uvumi ukashika mawe. Laiti mama mmoja angelisema jukwaani, na muuguzi mmoja akalazimika kumjibu hapo hapo jukwaani, naye ni binadamu mwenye hofu yake, pengine tungeliona mambo mengine. Hatuapi. Tunasema pengine.

Wa tatu ndio wanaotuumiza zaidi, maana wanasema kwa uchungu wa kweli: nchi inalia, ninyi mnataka michezo. Watu wa Beni mara nyingi wamekatazwa kutembea usiku. Barabara ya Goma imepata kukatika kwa vita. Ni wakati wa kuomba, si wakati wa konseri. Twawajibu kwa heshima. Mwaka 1941, katika mji wa Krakow, Wajerumani wakiwa wameitwaa Poland na kuwaua wasomi na mapadri wake, bwana mmoja jina lake Mieczysław Kotlarczyk alianzisha kikundi cha michezo kwa siri. Walicheza katika nyumba za watu, karibu bila vyombo wala mapambo, neno tu. Na kukamatwa kulikuwa kifungo au kifo. Mmoja wa vijana wake alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe aliyeitwa Karol Wojtyła. Ndiye aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo wa 2, aliyefika Kinshasa mwaka 1985 kumtangaza Anuarite kuwa mwenye heri. Kijana yule aliomba na kucheza, wala hakuona kwamba moja linaiba wakati wa jingine. Mwaka ule ule, tarehe 15 Januari, katika kambi ya wafungwa wa vita ya Görlitz, Mkatoliki Olivier Messiaen na wafungwa wenzake watatu walipiga muziki alioutunga humo kambini, kwa piano, fidla, selo na klarineti. Baridi ilikuwa kali, na waliosikiliza walikuwa wafungwa pamoja na walinzi wao. Hakuna aliyesema wangojee vita vikwishe.

Na sisi wenyewe, tukifiwa, hatuimbi matangani usiku kucha?

Tumesema juu ya michezo. Sasa tuseme juu ya konseri, na hapa hatuwezi kumsingizia mgeni yeyote. Korali zetu zimetunga nyimbo za maombolezo kwa ajili ya wafu wa Beni, wa Mbau, wa Oicha, wa Eringeti. Tumezisikia. Kuna moja, ya sauti nne, ambayo besi zinaanza peke yao chini kabisa kama watu wanaochimba. Tuliisikia ikiimbwa katika konseri moja, na kabla sauti za wanawake hazijaingia, mwongozaji wa sherehe akapaza: "Nani anaununua wimbo huu?" Mnada ukaanza. Bwana fulani, dolari ishirini, mpigieni makofi! Mama fulani, bahasha, mpigieni vigelegele! Korali ikarudia ubeti wa kwanza mara tano ili wenye mali wapate muda wa kufika mbele. Hao ni wafu wetu, ndugu, tunawapigia mnada kwa ajili ya saruji. Tunajua kwamba paa la kanisa halijengwi kwa sala tu. Basi tozeni mlangoni, tozeni sana, tutalipa. Lakini tukisha kulipa na kuketi, acheni wimbo uimbwe hata mwisho wake. Padri Guido Haazen na vijana wa Kamina walipoimba Missa Luba mwaka 1958, ulimwengu uliwasikiliza kwa sababu walichokiimba kilikuwa kitu kizima. Na Roma ilipokubali mwaka 1988 kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, ilikubali kwamba nyimbo na ngoma zetu zinastahili altare. Zinastahili basi na dakika nane za kimya.

Wengine watatuambia kwamba opera ndiyo yenye kimya cha namna hiyo, nayo ni ya Wazungu. Tarehe 22 Januari 2024, katika jumba la opera la Geneva, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza opera inayoitwa Justice. Muziki ni wa Hèctor Parra, maneno yameandikwa na Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi. Kati ya waimbaji alikuwamo Serge Kakudji, mzaliwa wa Kolwezi. Inahusu lori la asidi lililopinduka mwaka 2019 huko Kabwe, Katanga, likaua watu. Hatukuwako Geneva, wala hatukukata tiketi. Kuna waliouliza kama ni haki matajiri wa Uswisi waketi katika viti vya mahameli kusikiliza wafu wa Kabwe. Swali ni zuri. La kwetu ni dogo zaidi: huko Geneva, walipoimbwa wafu hao, je, kuna mtu aliyesimama katikati kuuza wimbo?

Na filamu vilevile. Mwaka 2020 filamu ya Dieudo Hamadi wa Kisangani, En route pour le milliard, ilichaguliwa na tamasha la Cannes, jambo ambalo filamu ya Kongo haikuwahi kulipata. Inawafuata watu waliokatwa viungo katika vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Wanateremka mto kwa mashua hadi Kinshasa kudai fidia yao, na magongo yao, na miguu yao ya bandia, mvua ikiwanyeshea. Hakuna sauti inayoeleza. Wapo wenyewe, wanagombana, wanaimba, wanapika. Na katikati ya safari tunawaona wakicheza jukwaani mateso yao wenyewe. Sisi tuliitazama watu wanane mbele ya kompyuta moja ya rafiki, huku mwenye kompyuta akiogopa betri. Mmoja wetu alipoteza kaka yake njia ya Mbau. Hakusema neno hata mwisho, kisha akasema: "Hawa wamekwenda kudai. Sisi tunangoja nani?" Hilo ndilo filamu inaweza kufanya ikiachwa. Parokia zetu zina projekta. Tumeziona zikionyesha picha za arusi.

Haya, na sisi watazamaji tupigwe kidogo. Mchezaji anakula nini? Shirika likimlipa kwa mchezo wa sabuni, atacheza sabuni, na hatuna haki ya kumcheka, sisi ambao tukiambiwa faranga elfu mbili za mlangoni twaanza kutaja undugu wetu na mwimbaji. Tunanunua bia mbili bila kuuliza bei. Kama twataka michezo isiyo na mwenyewe mwenye kofia, lazima mwenyewe awe sisi.

Lakini mtu hawezi kununua tiketi ya ukumbi uliofungwa. Kumbi za parokia zilijengwa kwa mikono ya baba zetu, wengine walibeba mawe kichwani, tangu wakati wa mapadri wa Asunsioni waliofika kwetu mwaka 1929. Leo, ukitafuta ufunguo, utaambiwa uko kwa mhasibu. Ndani mna viti vya plastiki vya kukodisha, mifuko ya saruji, na spika za arusi. Padri Paroko, tunajua una shida ya feza. Tupe Jumapili moja ya mwezi, kuanzia saa nane mchana, kabla ya giza, ili na ndugu wa njia ya Beni wapate kurudi. Tutafagia wenyewe. Mchezo ukiisha, tafadhali usiseme neno. Ikiwa una swali, uliza kama sisi, ukiwa umeketi.

Juzi tulikutana sokoni na binti aliyecheza jirani katika mchezo ule wa mwaka 2019. Sasa ana watoto wawili, anauza mafuta ya mawese. Tukamwuliza lile lililokuwa limetukera miaka yote: kwa nini jirani hakutaka kuondoka, na chumvi amekwisha kupewa, na maji amepewa? Alishangaa kwamba tunakumbuka. Akasema: "Naye alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani. Alikuja kumwomba mama yule amwonyeshe jinsi ya kuficha."

Tukasimama pale na chupa zetu za mawese. Tukamwuliza kama wangeweza kuucheza tena, mpaka mwisho. Akasema wenzake watatu bado wako Butembo, na maneno anayakumbuka yote, lakini ukumbi una arusi kila juma mpaka mwezi wa nane.